Shida ya pipa la taka ni maji

Nimesimamia nyumba za kupanga kwa miaka mingi, majengo ya ghorofa yenye familia nyingi zinazotumia ua mmoja, bomba moja la nje na sehemu moja ya kuweka taka. Kazi hii humwita mtu kwa mambo chungu nzima: kitasa kimegoma, paa linavuja, jirani anapiga muziki usiku wa manane. Lakini hakuna jambo lililonipandisha ngazi za watu mara nyingi kuliko taka. Nimeshika mapipa ya kila namna, ya bati, ya plastiki, ya kanyagio, ya magurudumu, na yale mapipa ya mafuta yaliyokatwa juu. Nimebaki na msimamo mmoja ninaoutetea mbele ya yeyote: shida ya pipa la taka ni maji. Harufu, nzi, mifuko kupasuka, kutu, migongo ya wazoa taka kuuma, ukivifuatilia vyote hadi vinakoanzia utakuta majimaji yaliyoingia kwenye pipa na kuachwa humo.

Mpangaji akija kulalamika kwamba pipa lake linanuka, huwa ameshafikiria dawa kabla hajanifikia. Anataka mfuniko mzito zaidi, au manukato ya kupulizia, au pipa kubwa. Mfuniko mzito hufungia harufu ndani, na siku ukiufungua inakupiga usoni yote kwa pamoja. Manukato yanaisha baada ya saa chache. Pipa kubwa ndilo baya kuliko yote, na nitaeleza kwa nini.

Mabaki ya jikoni kwa sehemu kubwa ni maji. Mboga na matunda mengi, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Ukiyatupa maganda na kuyarundikia vitu vingine juu, yanakandamizwa, yanalegea, na maji yake yanashuka hadi kitako cha pipa. Kule chini hewa haifiki. Wanaofanya kazi mahali pasipo na hewa ni bakteria wasiohitaji oksijeni, na hao ndio wanaotoa haidrojeni salfaidi inayonuka yai viza, pamoja na zile asidi zenye harufu ya siagi iliyochacha. Chukua maganda yale yale, yakamue, yaache yapate hewa: yatanyauka, na kwa siku moja au mbili huwezi kusikia lolote puani. Taka ni ile ile. Kilichoondoka ni maji.

Mtu aliyenifumbua macho kuhusu hili ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akikaa ghorofa ya juu kabisa. Kila nikipita kukagua mabomba niliona jikoni kwake ndoo ndogo ya taka, safi, haina mfuko wa plastiki ndani, na sikuwahi kumwona nzi juu yake. Siku moja nikamuuliza.

“Shikamoo mama. Hivi ndoo yako unaifanyaje?”

“Marahaba mwanangu. Njoo uone, si siri.”

Pembeni mwa sinki alikuwa na chujio la plastiki. Maganda yote ya siku yalikaa humo, si kwenye ndoo. Jioni, baada ya kuosha vyombo, aliyakandamiza kwa mgongo wa mwiko hadi yakaacha kudondosha tone. Kisha akatandaza gazeti kuukuu mezani, kurasa mbili zilizopishana, akamimina maganda katikati, akakunja pande nne moja baada ya nyingine, na kifurushi akakiweka kwenye ndoo kikiwa kimelalia mikunjo yake ili kisifunguke. Kwenye kitako cha ndoo palikuwa na gazeti jingine lililokunjwa mara nyingi, la kunyonya chochote kitakachopona. Asubuhi kifurushi kinashuka naye anapokwenda zake.

Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Akanijibu: “Maji yana njia yake, ni sinki. Kwa nini niyabebe kwenye ngazi?” Magoti yalikuwa yanamsumbua, na kila alichoshuka nacho alikipima kwa ngazi zile. Aliyatenga maji kwa sababu ya uzito. Harufu ilipotea yenyewe.

Tangu siku ile, mpangaji mpya akiingia namweleza habari ya chujio kabla sijamweleza habari ya funguo za geti.

Sasa nirudi kwenye pipa kubwa. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya taka ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba kwa wastani wa dunia mtu mmoja huzalisha kilo 0.74 za taka kwa siku. Wastani huo unaficha tofauti kubwa sana, kuanzia kilo 0.11 katika baadhi ya nchi hadi kilo 4.54 katika nyingine. Ripoti hiyo hiyo inasema asilimia 44 ya taka za dunia ni mabaki ya chakula na majani. Chukua nyumba ya watu 5: ni kilo 3.7 kwa siku, na kati ya hizo kilo 1.6 hivi ndizo zinazooza. Kilo 1.6 za maganda zinaingia kwenye ndoo ya lita 5, na ya lita 10 inabakiza nafasi. Sasa mtu ananunua pipa la lita 50 la jikoni kwa sababu ni zuri, linang’aa na limesimama wima kwenye kona. Pipa hilo halijai leo wala kesho. Maganda ya siku ya kwanza yanakaa chini kabisa, kwenye giza, yamekandamizwa, yakisubiri wiki nzima wenzao wajae juu. Ukubwa wa pipa la jikoni upimwe kwa siku, na siku yenyewe ni moja. Liwe dogo kiasi cha kukulazimisha kulimwaga.

Kwa taka kavu, makaratasi, makopo yaliyosuuzwa, plastiki, hapo pipa kubwa halina ubaya. Likae hata mwezi.

Habari ya nzi ilinichukua muda mrefu zaidi kuielewa, na ndiyo ninayotamani kila mwenye nyumba aijue. Watu hupambana na nzi wanaoruka. Wananunua dawa, wanapuliza, nzi wanaanguka, kesho wapo wengine. Nzi wa nyumbani hutaga mayai 100 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, na hutaga zaidi ya mara moja maishani mwake. Kukiwa na joto, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja. Funza wanaotoka hula kwa siku kadhaa wakiwa wamezama kwenye uoza wenye majimaji. Kisha hugeuza tabia kabisa: hawataki tena unyevu, wanatafuta mahali pakavu penye giza wakajifunge wawe pupa, lile ganda gumu ambamo funza hugeuka nzi. Kwenye joto zuri, safari yote kutoka yai hadi nzi anayeruka inaweza kumalizika kwa siku 7 hadi 10.

Nilikuja kuyaona haya kwa macho yangu kwenye pipa la chuma lililokuwa uani. Nilitoka alfajiri nikiwa na tochi, nikamulika ukingo wa pipa. Funza walikuwa wanapanda ukutani kwa ndani, juu ya ule utelezi unaoachwa na majimaji, wanafika kwenye mdomo, wanaangukia nje na kutambaa. Hawakuhangaika ovyo, karibu wote walikuwa wanaelekea ukutani palipokuwa na tofali zilizopangwa. Nikainua tofali moja. Chini yake, kwenye vumbi, zilikuwa zimejipanga pupa za rangi ya kahawia, ndogo kama punje za mchele, nyingi mno. Nzi waliokuwa wanasumbua madirisha ya ghorofa ya kwanza walikuwa wanazaliwa chini ya tofali, hatua chache kutoka kwenye pipa, na dawa yote iliyopulizwa jikoni haikuwahi kufika pale.

Nikaondoa tofali, nikafagia vumbi lote, nikapasakafia pale. Lakini jambo kubwa lilikuwa hesabu ya siku. Gari la taka lilipita mara moja kwa wiki. Kwa ratiba hiyo, funza wa taka ya siku ya kwanza wanapata muda wa kushiba na kutoka pipani kabla gari halijafika. Gari likipita mara mbili kwa wiki, wengi wanabebwa wakiwa bado ndani. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya mazingira hupendekeza taka za jikoni zikusanywe angalau mara mbili kwa wiki kwenye maeneo ya joto. Ratiba ya gari haikuwa mikononi mwangu. Kilichokuwa mikononi mwangu ni unyevu: funza mchanga hawezi kukua kwenye taka kavu iliyofungwa kwenye gazeti. Nilipita mlango kwa mlango nikiwa na chujio mkononi, nikionyesha alichonionyesha yule mama. Si wote waliofuata. Waliofuata walitosha, na msimu wa joto uliofuata madirisha ya ghorofa ya kwanza yaliweza kukaa wazi mchana kutwa.

Mapipa ya nje nayo yana yake. Lile la chuma la lita 200, lililokuwa la mafuta kabla halijakatwa, lina uzito wa karibu kilo 20 likiwa tupu. Ukingo wake uliokatwa unachana mikono. Halina mfuniko unaokaa sawasawa, na hapo mvua inaingia. Mdomo wake una upana wa sentimita 57 hivi. Mvua ya milimita 40 ikinyesha usiku mmoja, lita 10 za maji zinaingia humo, yaani kilo 10 ambazo asubuhi mtu fulani atazibeba. Wengine hutoboa kitako ili maji yatoke. Yanatoka kweli, yanasambaa uani na kugeuka tope linalovutia nzi wale wale, na kutu inaanzia kwenye tundu hilo hilo. Mimi sipendi kutoboa. Pipa lenye mfuniko mzuri, likiwa limewekwa chini ya kivuli cha paa na juu ya tofali mbili au fremu ya chuma ili hewa ipite chini yake, halihitaji tundu.

Wazoa taka wetu walikuwa vijana wawili, na mmoja wao alikuwa na desturi ya kuligonga pipa kwa teke jepesi kabla ya kulishika. Nilimuuliza anatafuta nini. “Nasikiliza maji, mzee. Likilia zito najua leo tutaumia.” Hakuna aliyemfundisha, ni mgongo wake uliomfundisha. Nikawa namsaidia kuinua, na ndipo nilipojua kwa mikono yangu tofauti ya pipa lenye makaratasi na pipa lenye maganda mabichi.

Tulipobadilisha mapipa nilisisitiza tuchukue ya magurudumu, yale ya plastiki ngumu yenye mfuniko wa bawaba. Ukubwa unaopatikana kwa wingi ni lita 120 na 240 kwa yale ya magurudumu mawili, na lita 660 na 1,100 kwa ya magurudumu manne. Mwenye nyumba alipendelea ya lita 240, kwa kuwa yatakuwa machache na nafasi itabaki. Nikampinga kwa heshima, nikiwa na hesabu. Kiwango cha Ulaya cha mapipa haya, EN 840, kinapima uwezo wake kwa kilo 0.4 kwa kila lita: pipa la lita 120 ni kilo 48, la lita 240 ni kilo 96. Taka za jikoni zilizolowa na kushindiliwa zinaweza kuzidi hapo. Kilo 96 na zaidi, kwenye ua wenye kizingiti cha geti, halafu mtu mmoja avute. Tukachukua ya lita 120 kwa taka za kuoza na ya lita 240 kwa taka kavu, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadilisha mpango huo.

Ukinunua pipa la aina hii, usiangalie rangi. Liinamishe kwanza hadi uhisi uzito umehamia kwenye ekseli na mikono yako imebaki na kazi ya kulisawazisha tu. Kama bado linakuvuta, magurudumu yamekaa vibaya au ni madogo mno. Zungusha gurudumu uone limefungwa kwa nini, kwa maana likifungwa kwa kofia ya plastiki laini litachomoka mapema. Fungua mfuniko hadi mwisho, uuachie, utazame pini za bawaba: hizo ndizo zinazokufa kabla ya kitu kingine chochote. Na pipa la plastiki likae kivulini, jua linalikausha likawa jepesi kupasuka.

Kwa ndani ya nyumba, pipa la kanyagio ndilo ninalolipendekeza kwa yeyote anayepika, maana mikono yake ina unga au mafuta na hatashika mfuniko, ataacha wazi. Wazo hilo huhesabiwa kuwa la Lillian Gilbreth, mhandisi wa Marekani aliyekuwa mama wa watoto 12 na aliyetumia sehemu ya maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyopoteza nguvu jikoni. Nunua lenye ndoo ya ndani inayotoka. Lisilo na ndoo ya ndani, majimaji yanashuka hadi kwenye fimbo ya kanyagio, fimbo inashika kutu, na kanyagio linabaki pambo.

Nitoke kidogo kwenye maji niseme habari ya mikono, kwa sababu siwezi kuandika juu ya mapipa nikaiacha. Kijana yule aliyekuwa akigonga mapipa alichanwa kiganja na glasi iliyovunjika iliyokuwa kwenye mfuko mweusi, haijafungwa kwa chochote. Mfuko ulikuwa umelowa na kuwa mzito, akaukumbatia ili usipasuke, na kioo kikapenya plastiki na glavu. Nilimfunga kwa kitambaa safi, tukampeleka kushonwa. Nilichojifunza pale ni kwamba anayetupa hamwoni anayeshika. Glasi iliyovunjika aliyeitupa aliisahau dakika ile ile.

Basi kwetu vioo vikawa na sanduku lake. Mtu akivunja kitu anakizungushia magazeti, anakitia kwenye boksi gumu, analifunga kwa gundi ya karatasi na kuandika juu yake VIOO kwa herufi kubwa. Nyembe ni hivyo hivyo. Mpangaji mmoja alikuwa anajidunga sindano za kisukari. Tukakubaliana atumie chupa ngumu ya sabuni ya maji yenye kifuniko cha kuzungusha, ikijaa robo tatu anaifunga na kuirudisha kliniki, haipiti kabisa kwenye pipa letu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, na pipa linalosubiri gari la wiki lina siku hizo zote. Chanjo ya ugonjwa huo ipo. Kila mwenye kuajiri wazoa taka anapaswa kuhakikisha wamechanjwa kabla hajawapa sare.

Kuwapa vioo sanduku lake ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1883 Eugène Poubelle, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Seine uliojumuisha jiji la Paris, alitoa amri kwamba wenye nyumba wawape wapangaji wao vyombo vya taka vyenye mifuniko, na viwe vitatu: kimoja cha vitu vinavyooza, kimoja cha karatasi na matambara, kimoja cha vioo, vigae na magamba ya chaza. Amri ilianza kazi Januari 1884. Wenye nyumba walilalamikia gharama, watunza majengo walilalamikia kazi iliyoongezeka, na waokota taka waliona riziki yao imefungiwa ndani ya masanduku. Vyombo vyenye mifuniko vilibaki, utenganishaji haukushika. Nikisoma habari hiyo nawaelewa wale watunza majengo, maana nafanya kazi yao. Lakini mpangilio wake ulikuwa sahihi: kibichi peke yake, kikavu peke yake, kinachokata peke yake.

Kwetu utenganishaji ulikaribia kushindwa pia. Vibandiko vya maandishi havikusaidia sana. Mtu anashuka na mtoto mkononi, simu sikioni, hasomi. Kilichosaidia ni umbo la mdomo wa pipa. La karatasi tulilitoboa mwanya mrefu mwembamba kwenye mfuniko, la chupa tukalitoboa duara, na yote mawili yakafungwa kwa kufuli ndogo. Mfuko wa maganda haupiti kwenye mwanya. Mkono unaelekezwa kabla akili haijaamua. La taka za kuoza tukaliweka karibu zaidi na ngazi, kwa sababu ndilo linalotembelewa kila siku, na kila siku sehemu ya maganda yake inapelekwa kwenye shimo la mboji nyuma ya ua. Kwenye mboji maji yana faida, ila yanahitaji mwenzake: kwa kila ndoo ya mabaki ya jikoni naweka ndoo mbili hadi tatu za majani makavu. Majani yakipungua, shimo linaanza kunuka, na hapo ni somo lile lile limehamia mahali pengine.

Kuhusu mifuko nitasema machache. Mfuko wa plastiki wa taka ulianzia Kanada mwaka 1950, kwa Harry Wasylyk wa Winnipeg, na aliwauzia kwanza hospitali ya mji huo. Hospitalini una maana kubwa. Nyumbani, watu wengi huutumia kuficha maji, na mfuko unaficha hadi siku unapopasuka ngazini. Ukiutumia, ufunge ukiwa umejaa robo tatu. Na kama kila ukiuvuta unang’ang’ania ndani ya pipa hadi unachanika, ni kwa sababu hewa haipati njia ya kuingia chini yake. Toboa matundu mawili matatu madogo ubavuni mwa pipa, juu kidogo ya kitako, na utatoka kwa mkono mmoja. Hiyo ni kwa pipa la taka kavu. Kwenye la maganda matundu yatakuvujia.

Jivu la jiko lisiingie kwenye pipa la plastiki likiwa la leo. Makaa yaliyofunikwa na jivu yanaweza kukaa na moto kwa siku kadhaa, na plastiki ya mapipa haya inayeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi. Liache kwenye chombo cha bati chenye mfuniko, mbali na ukuta. Betri za simu nazo zisitupwe humo, zikibanwa na kutobolewa ndani ya gari la taka zinawaka.

Kuosha pipa kuna utaratibu wake. Kwanza maji na sabuni na ufagio wenye mpini mrefu, kusugua hasa pale kwenye kona ya kitako na chini ya ukingo ambako ule utando unashikilia. Kusuuza hadi maji yawe meupe. Kisha, ukipenda, dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, baada ya kusuuza na si kabla, kwa sababu majimaji ya taka yanaweza kuwa na amonia, na klorini ikikutana na amonia inatoa gesi inayochoma mapafu. Kuichanganya na siki ni hatari vile vile. Mwisho, pindua pipa juani hadi likauke kabisa ndani. Watu wanaosha vizuri halafu wanalirudisha likiwa limelowa na kulifunika. Wamelipa maji upya.

Kitu kimoja bado kinanishinda, nacho ni nepi za kutupwa. Zimetengenezwa kushika maji na haziyaachii, huwezi kuzikamua, huwezi kuzitia kwenye mboji. Kijana mmoja wa ghorofa ya pili aliyepata mapacha alinifuata akiwa na mifuko miwili mikononi, akauliza: “Mzee, hizi niweke wapi?” Tumekubaliana kwamba kinyesi kiende chooni kwanza, nepi ikunjwe kwa ndani na kubanwa kwa gundi zake yenyewe, ifungwe kwenye gazeti, na ishuke kila siku. Bado zinajaza pipa la taka za kuoza na kulifanya zito kuliko kilo ninazotaka wazoa taka wazivute. Nimemwomba mwenye nyumba pipa jingine la lita 120, lenye mfuniko wa kubana, kwa ajili ya nepi peke yake, na mahali pake nimeshapasakafia, karibu na bomba la nje.